Mwaka Ulio Sandukuni Si Umri wa Plastiki

Miongoni mwetu tunaounganisha sanamu za roboti za plastiki, zinazouzwa vipandevipande sandukuni, hapa Kampala, wengi huamini kwamba sanduku lenye mwaka 1980 lina plastiki ya mwaka huo, hivyo vipande vyake vitakatika mkononi. Sivyo. Kwa kawaida mwaka huo huonyesha muundo ulitoka lini; kampuni ya Bandai ya Japani, iliyouza Gundam (roboti wa katuni ya Kijapani) yake ya kwanza ya kipimo cha 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko roboti wa kwenye katuni, Julai 1980 kwa yeni 300, imerudia kumimina plastiki mpya katika kalibu za zamani, kwa hiyo sanduku lenye sura ya kale laweza kuwa na vipande vya juzijuzi.

Umri halisi utafutwe kwenye vitu vinavyochakaa mapema, kama stika zilizogeuka manjano na gundi iliyokauka, ingawa joto la chini ya mabati laweza kuzeesha hata sanduku jipya. Kinachobaki cha kale ni ubunifu: rangi chache, nusu mbili za mguu zinazohitaji gundi, mshono unaopaswa kupigwa msasa, na goti lisilokunjika vizuri. Mimi binafsi siyahesabu hayo kuwa kasoro za plastiki.