Ule Weusi wa Yun Hyong-keun Si Weusi

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii na mtu aliyesomea sanaa: "Hawa Wakorea wanapaka rangi moja turubai zima, halafu wanapewa jumba zima la maonyesho peke yao. Kazi iko wapi?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Kwanza jina wanaloitwa kwa pamoja. Dansaekhwa, neno la Kikorea, maana yake ni mchoro wa rangi moja, na jina hilo ndilo chanzo cha balaa. Wachoraji wenyewe walikuwa kazini tangu miaka ya 1970. Jina lilikuja kushika baadaye sana. Hawakuwa chama wala hawakutoa ilani. Ha Chong-hyun husukuma rangi kutoka nyuma ya kitambaa cha gunia mpaka ichomoze mbele kwenye matundu. Park Seo-Bo alikwaruza mistari ya penseli juu ya rangi mbichi. Mikono tofauti kabisa. Nawaacha hapo.

Ninayemtaka ni Yun Hyong-keun (1928–2007), maana kwake ndiko watu hukosea zaidi. Kazi yangu ni kutundika picha na kupanga taa, na nasema: hakupaka nyeusi! Alichanganya rangi mbili za mafuta, buluu nzito ya ultramarini na kahawia ya udongo iitwayo amba, akazizimua kwa tapentaini mpaka zikawa majimaji, akazipaka kwa brashi pana kwenye kitani au pamba isiyopakwa chochote kabla. Ikikauka, anarudia. Ikikauka tena, anarudia. Buluu kwake ilikuwa mbingu, kahawia ilikuwa ardhi. Kitambaa kinakunywa mafuta, ndipo pembeni mwa nguzo ile ya giza unaona utando unaosambaa kama mafuta ya sambusa kwenye karatasi. Ukingo huo ndio mchoro. Washa taa ya manjano, kahawia inapanda; washa nyeupe, buluu inaamka. Ukiweka kioo mbele yake umeiua. Na picha ya simu haioni hata kimoja katika hayo, inakupa nguzo mbili nyeusi, nawe unaandika kwamba hata mtoto angeweza.

Huyo mtoto ameishi nini? Mwaka 1950 Yun aliponea chupuchupu kuuawa wakati wa Vita vya Korea. Mwaka 1956 alifungwa gereza la Seodaemun, Seoul. Mwaka 1973, akiwa mwalimu wa sekondari, alihoji mwanafunzi mwenye wakubwa nyuma yake alivyoingizwa shuleni, akatupwa ndani kwa sheria ya kupinga ukomunisti. Alipotoka, rangi za kung'aa zilitoweka kwenye kazi zake.

Hapa ndipo ninapokwama. Maelezo ya ukutani hukwambia jela ndiyo iliyoleta giza, na Yun mwenyewe aliviunganisha vitu hivyo viwili. Lakini nilisimama mbele ya picha zake Palazzo Fortuny, Venice, mwaka 2019, kifua kikanibana, na siwezi kuapa kama uzito ule ulitoka kwenye kitani au kwenye maneno niliyoyasoma mlangoni. Nimelifikiria sana. Tangu hapo, nikipewa nafasi ya kupanga maonyesho ya msanii mmoja, historia ya maisha yake naiweka chumba cha mwisho. Wenzangu wengi kazini wanapinga, wanasema mgeni atapotea. Mimi namtaka apotee kidogo, macho yafanye kazi kwanza.