Maji yakipwa, tofauti huwa hasi

Maktaba yangu ya msimbo wa kompyuta, ya hesabu za maji kujaa na kupwa, ilifanya kazi miaka mitatu bila kulalamikiwa. Nikapanua aina moja tu ya nambari. Siku ya bamvua kijana mmoja anayeitumia hapa Mombasa akanipigia: "Kaka, grafu yasema bahari imepanda karibu kilomita 4,295 kwa saa moja." Saa hiyo maji yalikuwa yanakupwa.

Vipimo nilikuwa nikiviweka kwa milimita, katika nambari ya biti 16 isiyo na alama, yaani ya kuanzia sifuri kwenda juu tu. Mwisho wake ni 65,535, yaani mita 65 na ushei. Nje ya mwamba kina hupita hapo, ndiyo maana nikaenda biti 32. Kimo cha saa moja kilikuwa 350, cha saa iliyofuata 120. Jibu ni hasi 230, lakini nambari isiyo na alama haina pa kuiweka hasi. Huzunguka na kurudi kutoka juu: 4,294,967,066.

Kilichonikosesha usingizi ni ile miaka mitatu ya kimya. C, lugha ya programu niliyoandikia, kabla ya kutoa huzipandisha nambari ndogo za biti 16 ziwe `int`, aina yake ya kawaida ya nambari nzima, ambayo kwenye kompyuta zetu ni ya biti 32 na ina alama. Kwa hiyo hasi 230 ilikuwa ikitoka sawasawa. Kosa nililiandika siku ya kwanza; upandishaji huo ukalifunika, nami kwa kupanua nikalifunua.

Tangu hapo siamini hoja ya kwamba "kipimo hiki hakiwi hasi, basi kisiwe na alama." Hata kama kipimo hakiwi hasi, tofauti ya vipimo viwili huwa. Na kimo chenyewe, kikihesabiwa kutoka sifuri ya ramani za bahari, chaweza kushuka chini ya sifuri maji yakipwa sana.

Kulinganisha nako kuna mtego. Katika C, `-1 < 1u` (`u` ni ya kusema isiyo na alama) ni uongo, kwa sababu hasi moja hugeuzwa kwanza kuwa 4,294,967,295. Washa onyo la `-Wsign-compare` katika kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na usilinyamazishe kwa kubadili aina kwa nguvu mpaka ujue upande upi waweza kuwa hasi.

Zenye alama nazo zina hatari yake, tena mbaya zaidi. Zikifurika, yaani jibu likipita mwisho wa aina yao, C haiahidi chochote. Ukijumlisha kwanza kisha ukauliza `a + b < a` huku `b` ikiwa chanya, kompaila ina ruhusa ya kulifuta swali lako lote. Uliza kabla: `a > INT_MAX - b`, ambapo `INT_MAX` ndiyo `int` kubwa kuliko zote. Kama una C23, toleo jipya la C, kazi yake ya kujumlisha kwa ukaguzi, `ckd_add`, itakufanyia, hata kwa `b` hasi.

Pamoja na hayo, sijazitupa zisizo na alama. Umbali kati ya nambari mbili zenye alama za biti 32 waweza kufika 4,294,967,295, usitoshe katika aina yao wenyewe, ila watosha kamili katika isiyo na alama. Hapo nazigeuza zote mbili kwanza, kisha natoa ndogo katika kubwa, na kule kuzunguka kunaleta jibu sahihi.

Jozi ya 350 na 120 sasa ni jaribio la kwanza katika maktaba, na linaendeshwa kwa biti 16, 32 na 64.