Pumu ya ukubwani: hesabu makopo ya bluu

Mtu mzima akiambiwa ana pumu, swali la kwanza ni lile lile: nitapona? Pumu iliyoanza ukubwani ni nadra kuondoka yenyewe, na hata ile iliyopotea utotoni yaweza kurudi mtu akiwa na miaka 30 au 40. Ila kutopona hakumaanishi kufa mapema. Mwenye pumu iliyodhibitiwa hufanya kazi, hulala usiku kucha, huzaa na huzeeka karibu sawa na wenzake.

Kinachoamua ni inhela, yaani kopo la dawa ya kuvuta, anayoitegemea. Ile ya bluu, yaani salbutamoli, hulegeza misuli ya njia za hewa, na dakika chache baadaye kifua kinafunguka. Uvimbe ulio ndani ya njia hizo haiugusi. Ukiachwa kwa miaka, kuta hunenepa na kukakamaa, na pumzi iliyopotea kwa namna hiyo hairudi yote. Mvuta sigara huipoteza haraka zaidi.

Kopo moja la salbutamoli kwa kawaida lina mivuto 200. Ukimaliza matatu au zaidi kwa mwaka, uko katika hatari ya kubanwa vibaya. Ukifikia kopo kila mwezi, hatari ya kufa nayo imepanda. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Anahitaji dawa ya kuvuta yenye steroidi, inayotuliza ule uvimbe, kama beklometasoni au budesonidi.

Hapo ndipo ubishi unapoanza kliniki. "Daktari, steroidi si zitaninenepesha?" Kiasi kinachovutwa ni kidogo, hupimwa kwa mikrogramu (sehemu za milioni za gramu), na huenda kwenye njia za hewa zenyewe. Baada ya kuvuta, sukutua na uteme maji, usije ukaota fangasi mdomoni. Mimi naogopa zaidi vidonge vya prednisoloni, steroidi ya kumeza, vinavyonunuliwa dukani kila kifua kikibana; hivyo, vikizoeleka, ndivyo hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Mjamzito naye asiache dawa yake ya kuvuta, maana kukosa pumzi kunamdhuru mtoto kuliko dawa.

Na ukikutwa na presha, mwambie anayekuandikia dawa kwamba una pumu kabla hajaandika chochote. Propranololi, mojawapo ya dawa za presha, inaweza kukubana siku hiyo hiyo.