Betri ya mashine ya tatuu: soma volti kabla ya mAh

Wiki jana kijana anayejifunza kuchora kwangu hapa Kondele, Kisumu, aliniwekea mezani betri mbili za mashine isiyo na waya. Moja imeandikwa 2000 mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji), nyingine 1200. "Fundi, si hii ya elfu mbili ndiyo itadumu?" Nikamwambia ageuze asome na volti. Ya kwanza 3.7, ya pili 7.4.

Hesabu yake ni hii. 2000 mAh ni ampea-saa 2. Zidisha kwa 3.7 upate wati-saa 7.4, yaani nishati yote iliyomo. Ile nyingine ni 1.2 mara 7.4, karibu wati-saa 8.9. Ile aliyoidharau ndiyo iliyobeba zaidi. mAh peke yake haikuambii kitu mpaka uijue volti yake, na maduka mengi ya mtandaoni huandika ile namba kubwa tu.

Tena betri ya 3.7 haiwezi kuendesha mota ya volti 8 moja kwa moja. Ndani yake mna sakiti ya kupandisha volti, na kazi hiyo hula chaji. Ule uvuguvugu unaousikia kiganjani ukishika mashine muda mrefu, sehemu yake ni chaji inayopotea hivyo. Chukulia mashine inavuta wati 4: wati-saa 7.4 zingekupa saa 1 na dakika 51, na hapo bado hujatoa kilichopotea.

Sindano nayo ina neno lake. Ukipiga mistari kwa katriji nyembamba (kile kichwa cha sindano kinachobadilishwa), mota haihangaiki sana. Ukifunga sindano pana ya kujazia rangi na kupandisha volti, betri ileile inaisha mapema. Ndiyo maana siamini saa zilizoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi hazisemi mashine ilikuwa inachoma nini.

Mimi hupima kwenye ngozi bandia, sindano ileile, volti ileile, saa ikiwa mbele yangu, na kuwasha na kuzima kama ninavyofanya mteja akiwepo. Nasikiliza mwisho wake hasa. Kuna mashine zinazozima ghafla na kuna zinazolegea polepole: mlio unashuka, wino unaingia kwa madoa, unajikuta unarudia mstari uleule mara ya tatu. Naogopa hizi za pili zaidi. Ngozi iliyorudiwa namna hiyo inachubuka, na mteja ndiye anayelala na maumivu.

Joto la huku ziwani pia linaua betri, kwa hiyo usiziache ndani ya gari juani. Zile usizotumia kwa wiki kadhaa zihifadhi zikiwa na chaji nusu. Za kazi nazijaza usiku, stima ikiwepo.

Sasa kila betri yangu ina kipande cha utepe chenye tarehe na dakika zake. Baada ya miezi sita napima upya, kwa sababu betri hizi za lithiamu huchoka kadiri unavyozichaji.