Anayeongoza kundi la kusoma si lazima awe muongeaji

Nyie mnaosoma kwa vikundi mtakuwa mmeliona hili, mnakaa watu wanne watano, hamna aliyechaguliwa kuongoza, lakini muda kidogo tu ukipita kuna mtu mmoja kila anayekwama anamgeukia yeye. Idarani kwetu tunaulizwa sana, huyo kazaliwa hivyo au ni kwa vile tu ana mdomo?

Mwaka 2015 watafiti wa China walichapisha utafiti wa makundi 11 ya watu watatu watatu, waliwapa mada wajadili bila kuwawekea kiongozi, huku wamevaa kofia zenye vitaa vinavyopitisha mwanga hadi kwenye ubongo kupima oksijeni kwenye damu. Kofia hiyo haiumi na haisomi mawazo yako (jamani hili nalo tunaulizwa kila siku), inaonyesha tu ni wapi ubongo unachapa kazi zaidi. Wakakuta ubongo wa yule aliyeibuka kiongozi ulikuwa unapanda na kushuka pamoja na wa wenzake, kuliko wenzake hao wao kwa wao, na hiyo ni upande wa kushoto, juu na nyuma kidogo ya sikio, sehemu inayohusika sana na kukisia mwenzako anawaza nini. Ila sasa, kule kuendana hakukufuata wingi wa maneno, kulifuata ustadi wake wa kuwasiliana.

Inakuwaje? Kuna utafiti mwingine wa 2010, Marekani, mtu anasimulia hadithi wengine wanasikiliza, na ubongo wa msikilizaji ukawa unamfuata msimuliaji kwa kuchelewa sekunde chache, lakini sehemu nyingine za ubongo huo zinamtangulia, yaani zinabashiri anakoelekea, na waliobashiri zaidi ndio walioelewa zaidi. Kwa hiyo mimi naona kiongozi wa asili kwenye kusoma ni yule anayeeleza hesabu kwa namna ambayo hajamaliza sentensi na wewe ushaona jibu linakuja, na ili aweze hivyo lazima kwanza ajue umekwama wapi. Anayemwaga tu anachokijua wala hajali kama upo naye, huyo anahutubia.

Na si mambo ya maabara peke yake. New York mwaka 2017 ulitoka utafiti wa wanafunzi 12 waliopimwa umeme wa ubongo darasani kwao kwa muhula mzima, siku wanazolipenda somo ndio akili zao zinaendana zaidi, na wawili waliotazamana uso kwa uso kabla ya kipindi waliendana zaidi hata somo likishaanza.

Haya yote bado hayasemi kipi kinasababisha kipi, na makundi 11 ni machache. Ila ukikutana na mtu anakuuzia kipimo cha "ubongo wa kiongozi", anakuvisha kofia peke yako halafu anakupa majibu, muulize amepimaje, maana hicho kitu kinaonekana kati ya watu wawili, sasa yeye kampima nani mwingine?