Winga Kupangwa Beki: Dhana Potofu na Ukweli

Kila ninapompanga winga kijana acheze beki wa pembeni, siku hiyohiyo mzazi wake hunipigia simu kulalamika kwamba ninaua kipaji cha mtoto. Nimeichoka dhana hii, hasa kwa kuwa wengi wanaonijia nayo ni mashabiki wa Arsenal wanaomshangilia Bukayo Saka kila wiki bila kukumbuka alipopitia.

Saka, aliyezaliwa London mwezi Septemba 2001, alipanda kikosi cha kwanza akiwa winga. Msimu wa 2019/20, mabeki wa kushoto Kieran Tierney na Sead Kolašinac walipoumia, makocha Freddie Ljungberg na baada yake Mikel Arteta walimrudisha nyuma acheze namba tatu, yaani beki wa kushoto. Kijana huyo wa miaka 18 hakupotea. Aliumaliza msimu akiwa kinara wa pasi za mabao katika timu nzima, na alipoichezea England kwa mara ya kwanza dhidi ya Wales, Oktoba 2020, bado alipangwa kuulinda upande uleule wa kushoto.

Mara nyingi winga hupokea mpira akiwa amelipa mgongo goli la wapinzani, huku mtu amekwisha kumganda. Beki huupokea akiutazama uwanja mbele yake, hivyo huzoea kusoma mchezo kabla mpira haujamfikia. Faida ninayoithamini zaidi, hata hivyo, ni kwamba aliyewahi kukaba anajua shida za beki: anajua kuwa beki akiyapeleka macho kwenye mpira humsahau mtu aliye nyuma yake, na kuwa akishauegemeza mwili wote kwenye mguu wa mbele hawezi tena kugeuka upesi, na hapo ndipo pa kumpitia. Mambo hayo hayafundishiki kwa kuzungushwa kwenye koni. Arteta alipomhamishia winga ya kulia, Saka alikuwa na mguu wa kushoto wa kukatia ndani pamoja na uzoefu wa mtu anayemkabili, na msimu wa 2022/23 alifunga mabao 14 ya ligi, akatoa pasi 11 za mabao na kutwaa tuzo ya mchezaji bora kijana ya chama cha wachezaji. Sisemi kijana aachwe huko nyuma miaka yote, kwani wapo makocha wanaomsahau. Nasema mzazi atupe nafasi ya mechi kadhaa kabla ya kuja juu.

Wapo wanaoamini kwamba winga ni mbio tu. Mbio zisizo na mguso mzuri wa kwanza humfikisha mchezaji kwenye kibendera cha kona akiwa peke yake na asijue la kufanya.

Kuhusu shule, ambayo baadhi ya wazazi huiona kikwazo, Saka alifanya mitihani ya sekondari akiwa katika akademi ya Arsenal na kupata A za nyota katika masomo manne na A za kawaida katika matatu. Wala hakuibuka ghafla, kwa maana alijiunga na klabu hiyo akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, na mechi yake ya kwanza ya wakubwa, dhidi ya Vorskla Poltava ya Ukraine, aliicheza Novemba 2018 akiwa na miaka 17.

Dhana ya mwisho ni kwamba kijana hachoki. Saka alicheza mechi 87 mfululizo za ligi, rekodi ya klabu yake katika Ligi Kuu, lakini Desemba 2024 msuli wa nyuma ya paja ulimsaliti, akafanyiwa upasuaji na kukaa nje hadi tarehe 1 Aprili 2025, aliporejea dhidi ya Fulham na kufunga. Huyo ana madaktari wanaomtazama kila siku. Mtoto anayeletwa kwangu Jumapili akichechemea, paja likinuka dawa ya kuchua, ili acheze fainali ya mtaa kwa sababu timu inamtegemea, simchezeshi, na mzazi aliyekasirika anaruhusiwa kukaa naye benchi.