Hataza na kete za kujichongea
Imezoeleka kusemwa, hata kwenye vijiwe vya drafti mjini Tabora, kwamba anayejichongea kete za mchezo wenye hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine kutengeneza au kuuza alichovumbua, hana kosa mradi hauzi. Kauli hiyo si kweli kila mahali. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1977 humruhusu anayetengeneza kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, ilhali ya Marekani hukataza kitendo chenyewe cha kutengeneza, hata kama kete hazitoki sebuleni, jambo ambalo naona kila fundi anastahili kulijua. Hata hivyo, hataza ya Marekani haivuki mipaka hadi Tabora, na kwa kawaida hukoma miaka 20 tangu maombi yawasilishwe. Vizibo vya soda, vya mchezaji mmoja vikilazwa kifudifudi na vya mwenzake chali, havihitaji ruhusa popote, kwa kuwa drafti yenyewe ni ya kale.